Dawati Nyuma ya Kaunta

Ukiingia kituo cha polisi unapokewa na kaunta. Aliyeibiwa simu, aliyegongwa na bodaboda na mama aliyemshika mkono binti wa miaka tisa, wote wanaeleza shida zao hapo hapo, huku waliokaa kwenye benchi wametega masikio. Simu iliyoibwa inasimulika hadharani. Yaliyompata binti hayasimuliki.

Ndiyo maana Jeshi la Polisi Tanzania lilianza kufungua Dawati la Jinsia na Watoto mwishoni mwa miaka ya 2000. Huitwa dawati, ila kinachotakiwa hasa ni chumba chenye mlango unaofungika, askari aliyefundishwa kuzungumza na mtoto, na afisa ustawi wa jamii wa kuitwa mara moja. Fomu ya polisi ya matibabu, PF3, inatakiwa itolewe bila kuzungushana, mtoto awahi hospitali. Kumwogesha tu nyumbani, jambo ambalo mama yeyote angelifanya kwa huruma, kunaweza kufuta ushahidi ambao daktari angeuona.

Upande huo wa mtoto aliyeumizwa umeeleweka. Mtoto anayetuhumiwa ndiye mtihani.

Tuseme kijana wa miaka 15 amekamatwa sokoni na betri ya gari. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 huyo bado ni mtoto, kwa kuwa hajafika miaka 18. Polisi wanapaswa kumtenga na mahabusu watu wazima, kesi yake isikilizwe na mahakama ya watoto, na hata akitiwa hatiani hafungwi jela. Lakini aliyemleta ni umati wenye hasira na anayempokea ni askari wa zamu, si wa dawati. Cheti cha kuzaliwa hana. Umri wake unakisiwa kwa urefu na sauti. Akiandikwa miaka 18 kwenye kitabu cha kaunta, ulinzi wote huo unampita mpaka mtu atakapouhoji umri wake mahakamani.

Kwa hiyo mkuu wa kituo anayetaka dawati lake lifanye kazi aanzie kaunta: askari wa zamu wajue kwamba mshukiwa anayeonekana kijana hupelekwa dawatini kwanza, umri wake ukaulizwe kwa wazazi au shuleni. Baada ya hapo linabaki suala la mahali pa kumlaza. Mahabusu za watoto ni chache, zikiwemo za Dar es Salaam, Tanga na Mbeya, na wilaya nyingi ziko mbali nazo. Dhamana kwa mzazi, kosa likiruhusu, humrudisha kijana nyumbani usiku ule ule.