Ukurasa Hufunguliwa au Huachiliwa?

Makala haya yanahusu kitenzi kimoja kinachowatatiza wanafunzi wetu wa tafsiri wanapokabidhiwa maelezo ya kompyuta. Ndani ya kila mfumo endeshi mna kiini, yaani programu kuu inayosimamia mashine nzima. Kiini huigawa kumbukumbu katika vipande viitwavyo kurasa. Katika kompyuta nyingi ukurasa mmoja una baiti 4,096. Nafasi ikipungua, kiini huhamishia diskini kurasa zisizotumika kwa wakati huo, kisha huzirudisha zinapohitajika.

Hata hivyo, ziko kurasa zisizofaa kuhamishwa. Programu inayotunza neno la siri haitaki neno hilo liandikwe diskini. Kadi ya mtandao nayo, ambayo huandika data moja kwa moja katika kumbukumbu, itaharibu data ya wengine iwapo ukurasa wake utaondolewa na nafasi yake kupewa mwingine. Kurasa za namna hii huzuiwa zisihame, na kazi ikiisha kizuizi huondolewa. Je, kuondoa huko tukuite nini?

Wengi hukimbilia "kufunga" na "kufungua". Hatukubaliani nao. Mwanafunzi akisoma "fungua ukurasa" ataelewa kwamba ausome, kama afunguavyo kitabu au faili. Isitoshe, ukurasa "uliofungwa" utadhaniwa hausomeki, kumbe husomwa na kuandikwa kama kawaida. Ulichonyimwa ni safari tu.

Mpakani kuna jozi iliyo bora. Lori likishikiliwa na forodha pale Busia, au Malaba wilayani Tororo, dereva hulala ndani yake na kupika kando yake. Asichoweza ni kuondoka nalo. Likiachiliwa, si lazima ling'oke saa ile ile. Laweza kukaa pale hadi asubuhi. Ukurasa nao ni vivyo hivyo: ukiachiliwa hautupwi nje ya kumbukumbu papo hapo, bali unarudi katika hali ya kuweza kuhamishwa. Ndiyo maana tunapendekeza "kushikilia" na "kuachilia".

Panapohitaji uangalifu ni hesabu. Katika Linux, programu ikiushikilia ukurasa mara tatu kwa amri ya mlock, munlock moja yatosha kuuachilia. Na programu ikifa bila kuachilia, kiini humaliza kazi hiyo chenyewe. Kurasa zinazoshikiliwa ndani ya kiini kwa ajili ya vifaa hazina msamaha huo. Huko kila kushikilia huhesabiwa, nako kuachilia sharti kulingane nako, mfano wa lori linalozuiliwa na idara mbili: ruhusa ya moja haitoshi. Toleo la 5.6 la Linux, la mwaka 2020, lilileta jozi maalumu ya kazi hii, pin_user_pages na unpin_user_page. Tena, kifaa kikiwa kimeandika kitu ukurasani, kiendeshi chake lazima kiutie alama ya kwamba umebadilika, la sivyo kiini chaweza kuutupa kikidhani nakala ya diskini ni ile ile.

Kiendeshi kikisahau kuachilia, ukurasa hukwama na kumbukumbu hupungua kidogo kidogo. Windows ni kali zaidi: ikikuta mchakato unakwisha huku kurasa zake bado zimeshikiliwa, husimamisha mashine nzima.

Wasomaji wa Busia, Tororo na kwingineko wenye kitenzi kinachofaa kuliko "kuachilia" tunawaomba watuandikie, pamoja na sentensi ya mfano.