Damu Inapoganda kwa Mgonjwa wa Saratani

Saratani iliyosambaa huifanya damu igande upesi ndani ya mishipa. Mwaka 1865 daktari Mfaransa Armand Trousseau alikwishaueleza uhusiano huo. Saratani ya shingo ya kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, huongeza hatari kwa kuibana mishipa ya nyonga. Kukaa muda mrefu bila kutembea huongeza pia, na mgonjwa wa Singida anayekwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hukaa kwenye basi karibu kilomita 700.

Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa na joto, ni lazima upimwe kwa ultrasaundi mapema. Bonge la damu likikatika na kufika kwenye mapafu, mgonjwa hupumua kwa shida na anaweza kufa ghafla.

Dawa za kuzuia damu kuganda haziyeyushi bonge. Hulizuia lisikue, mwili uliyeyushe wenyewe. Warfarini ni ya bei rahisi, lakini hudai vipimo vya damu vya mara kwa mara, na chakula au dawa nyingine huivuruga. Utafiti wa 2003 ulionyesha kuwa sindano za heparini nyepesi hupunguza kurudi kwa mabonge kwa takriban nusu zikilinganishwa na warfarini. Ndugu anaweza kufundishwa kuidunga nyumbani: hubana ngozi ya tumbo, mbali na kitovu, bila kusugua baadaye. Vidonge vipya, kama rivaroksabani na apiksabani, vinafaa pia, ila uvimbe wa tumbo au utumbo huweza kuvuja damu.

Matibabu huchukua angalau miezi 3 hadi 6. Siku za mwisho zikikaribia, kuacha sindano ni uamuzi halali wa mgonjwa, familia na daktari.