Msimbo Usiotumika Nao Hushambuliwa

Februari 2017 ilitangazwa dosari katika sehemu ya kiini cha Linux ambayo mafundi wengi wa seva hawakuwahi kuigusa: itifaki ya mawasiliano iitwayo DCCP. Iliingizwa mwaka 2005, watumiaji wake wakabaki wachache, lakini msimbo wake uliendelea kusambazwa. Kinachotisha ni wepesi wa kuifikia. Mtumiaji wa kawaida, asiye na mamlaka yoyote, aliomba tu soketi ya DCCP, na kiini chenyewe kikaipakia moduli iliyokuwa imelala kwenye diski. Aliyejua kuitumia dosari ile alitoka na mamlaka yote ya mfumo.

Dawa inajulikana: ondoa usichokihitaji. Mwaka 2013 watafiti walionyesha namna ya kufanya hivyo bila kubahatisha. Seva iliachwa ifanye shughuli zake, huku ikirekodiwa ni sehemu zipi za kiini zinazoitwa. Kisha kiini kikajengwa upya kwa kufuata rekodi hiyo. Eneo linaloweza kushambuliwa lilipungua kwa kati ya asilimia 50 na 85.

Mbona basi seva nyingi bado zinabeba kiini kizima? Rekodi haioni kila kitu. Kazi ya kuhifadhi nakala inayofanyika mwisho wa mwezi, au diski ya akiba inayochomekwa siku diski kuu inapokufa, hazimo, na zitakosekana wakati wa shida. Tena kiini ulichojijengea ni mzigo wako: kila kiraka cha usalama kikitoka, wewe ndiye wa kukijenga na kukijaribu upya. Ofisi yenye fundi mmoja haimudu, na siwezi kumlaumu. Akichelewesha viraka kwa sababu hiyo, atakuwa amepoteza kuliko alichookoa.

Wanaoitunza Linux nao hawafuti ovyo, kwani wamejiwekea sharti la kutoharibu programu zinazofanya kazi. DCCP iliwekewa onyo mwaka 2023, ikaondolewa mwaka 2025 katika toleo la 6.16, miaka minane baada ya dosari ile.

Miaka yote hiyo ilikuwapo hatua ndogo isiyodai kujenga chochote: mstari mmoja katika mipangilio ya modprobe, programu inayopakia moduli za kiini; mstari huo huzuia moduli isipakiwe. Natamani kila fundi aanzie hapo, kwa kila itifaki asiyoitumia. Kama kuna anayeihitaji kweli, atakuja kuuliza, na mstari utafutwa papo hapo.