Hofu Iliyolala Tsavo

Wajukuu zangu wa Voi, najua mnazisoma riwaya za kusisimua usiku, mmejifunika blanketi gubigubi, mwanga wa simu ukiwamulika. Nataka leo tuone hofu ile hupikwa vipi, na hatutakwenda mbali. Tushike njia ya Nairobi tu, hadi pale reli inapouvuka Mto Tsavo.

Mwaka 1898 Waingereza walikuwa wakijenga reli kutoka Mombasa kwenda Uganda. Vibarua wengi walitoka India. Mwezi Machi akaja mhandisi John Henry Patterson kusimamia daraja la mto huo, na haukupita muda watu wakaanza kupotea kambini. Simba dume wawili, wasio na manyoya marefu ya shingoni, walikuwa wakiingia usiku na kumburuta mtu kutoka hemani. Vibarua wakajizungushia boma la miiba, simba wakapenya. Wakakoka mioto, simba wakaja vilevile.

Lakini simba peke yake hatoshi kuwa hadithi. Ukikutana naye utakimbia au utaliwa, basi. Kilichowamaliza watu wale ni kungoja. Jioni ngurumo ilisikika kwa mbali, ikasogea, kisha ikanyamaza ghafla, na kila mtu akajua kwamba sasa wanavizia. Wanavizia nani? Kambi zilikuwa zimetawanyika kando ya reli, na simba hawakuwa na desturi ya kurudi palepale. Kibarua alilala akiomba simba wampite, yaani waende kwa mwenzake, na asubuhi alimtazama mwenzake huyo machoni. Hapo ndipo riwaya ya nafsi inapoanzia. Mwishowe vibarua waliamini kwamba wale ni mashetani, si wanyama. Mamia walidandia garimoshi wakatoroka, na kazi ikasimama kwa wiki tatu hivi.

Patterson alimuua simba wa kwanza tarehe 9 Desemba, wa pili tarehe 29. Mwaka 1907 akachapisha kitabu, The Man-Eaters of Tsavo, na baadaye ngozi zote mbili akaliuzia jumba la makumbusho la Field, Chicago. Yeye alikuja kudai kwamba waliouawa ni watu 135. Wanasayansi waliopima nywele na mifupa ya simba hao walikadiria, mwaka 2009, watu 35 hivi. Mimi sishangai: hofu ndiyo iliyokuwa ikihesabu.

Kinachoniuma ni kwamba kisa hiki tunakipata kwa mwenye bunduki. Hatujasikizwa mawazo ya aliyelala hemani, wala ya Wataita wa Sagalla walioiona reli ikipita chini ya mlima wao. Na njia za kuyasimulia tunazo. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, Mohamed Said Abdulla alimpa mpelelezi wake, Bwana Msa, kazi ya kufuata ushahidi. Euphrase Kezilahabi, katika Kichwamaji ya mwaka 1974, alimwacha mhusika wake Kazimoto ajisimulie, tukanaswa ndani ya kichwa chenye misukosuko. Tsavo inataka njia hii ya pili.

Basi chukueni kalamu. Mchagueni kibarua mmoja, mpeni jina, mpeni rafiki wa kulala naye hema moja. Ngurumo ikome. Simba msimwonyeshe bado. Tuambieni kwanza kibarua huyo anamwombea nani.