Kuvirejesha kwa Wasomaji Vitabu Adimu vya Historia ya Vita: Haja ya Chapa Nafuu za Matini za Kiswahili

Ikisiri

Matini za Kiswahili zinazosimulia vita vya karne ya 19 na vya mwanzoni mwa karne ya 20 zimeadimika madukani, na nakala zilizosalia zimo zaidi katika maktaba za vyuo. Makala haya yanaeleza jinsi matini hizo zilivyotoweka sokoni, aina za chapa zinazoweza kuzirejesha, na masuala ya gharama na haki yanayoambatana na kazi hiyo. Hoja yetu ni kwamba chapa inayomfaa zaidi msomaji wa Bujumbura ni ile yenye matini ya Kiswahili peke yake, ikiambatana na utangulizi na maelezo kwa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Burundi anapojifunza jinsi nchi yake ilivyoingizwa katika himaya ya Wajerumani, hukutana na habari za Mwami Mwezi Gisabo na Mkataba wa Kiganda wa tarehe 6 Juni 1903. Habari hizo huzisoma aghalabu kwa Kifaransa. Wajerumani waliofika Usumbura, Bujumbura ya leo, walikuwa wametangulia kupigana na watu wa pwani, na vita hivyo vya pwani viliandikwa kwa Kiswahili na watu walioishi wakati huo. Kiswahili chenyewe kilifika ukanda huu wa Ziwa Tanganyika kupitia njia za biashara za Ujiji na kupitia askari wa ukoloni. Mwanafunzi asipozisoma matini hizo, hukiona Kiswahili kama lugha ya soko na ya amri tu, asitambue kuwa ni lugha iliyotunza ushahidi wa vita vilivyomgusa.

2.0 Matini Tatu na Sababu za Kuadimika

Matini ya kwanza ni *Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima* wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, unaohusu vita vya pwani vilivyoanza mwaka 1888. Chapa yake ya mwaka 1960, yenye tafsiri ya J. W. T. Allen, ilitolewa na East African Literature Bureau. Ya pili ni *Utenzi wa Vita vya Maji-Maji* wa Abdul Karim bin Jamaliddini, uliochapishwa na W. H. Whiteley mwaka 1957. Ya tatu ni *Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip*, iliyotolewa na Whiteley huyohuyo mwaka 1958 na 1959. Hii ni tawasifu ya nathari, na ndani yake mna masimulizi marefu ya mapigano ya bara, yakiwemo yale ya kumshinda Nsama wa Itabwa.

Matini za Whiteley zilitoka kama nyongeza za jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Nyongeza ya jarida huwafikia wanachama na maktaba. Haikukusudiwa kukaa dukani miaka mingi. Aidha, East African Literature Bureau lilikuwa shirika la pamoja la nchi tatu, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, utaratibu huo wa pamoja ulikoma. Kwa hiyo vitabu hivi havikuadimika kwa kukosa thamani. Vilipoteza mchapishaji aliyekuwa na soko la kanda nzima.

3.0 Aina za Chapa

Kuna njia tatu za kukirejesha kitabu kilichokwisha. Ya kwanza ni chapa ya picha, ambapo kila ukurasa wa zamani hupigwa picha na kuchapishwa ulivyo. Faida yake ni wepesi na uaminifu wa mpangilio. Kasoro yake ni kwamba herufi zilizofifia hubaki zimefifia, na ukurasa uliokosekana katika nakala ya maktaba hukosekana katika nakala zote mpya.

Ya pili ni chapa iliyopangwa upya kwa kompyuta. Hii husomeka vizuri, lakini mashine inayogeuza picha kuwa maandishi hukosea. Katika utenzi, ambao kila mshororo una mizani minane, herufi moja ikidondoka huvunja mizani au hugeuza maana. Hivyo usahihishaji wa mwanadamu hauepukiki.

Ya tatu ni toleo hakiki, linalolinganisha miswada, hasa ile ya hati za Kiarabu, na kuonyesha tofauti zake. Hili ndilo bora kitaaluma, ila huchukua miaka na fedha nyingi. Tukilisubiri toleo hakiki la kila matini, kizazi kizima cha wanafunzi kitahitimu bila kuzisoma. Tunapendekeza njia ya pili, ikisimamiwa na wasomi wa lugha.

4.0 Hesabu ya Kurasa na Suala la Haki

Matoleo tuliyoyataja yana Kiswahili na tafsiri ya Kiingereza. Mpangilio huo uliwafaa wasomaji wa wakati ule. Kwa msomaji wa Bujumbura, ambaye husoma zaidi kwa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili, nusu hiyo ya Kiingereza ina manufaa madogo, ilhali anailipia.

Tuchukue mfano wa kukadiria. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne za A5. Kitabu cha kurasa 160 kitahitaji karatasi 40. Tafsiri ikiondolewa na kurasa zikabaki 80, zitatosha karatasi 20. Kijitabu cha karatasi 20 chaweza kufungwa kwa pini katikati, bila gundi wala mashine ya kujalidi. Kazi hiyo inawezekana katika duka la kawaida la uchapaji mjini, kwa nakala 50 au 100 kwa wakati mmoja, bila kulundika shehena inayosubiri wanunuzi.

Kuondoa tafsiri hurahisisha pia suala la haki. Mkataba wa Berne huweka kima cha chini cha ulinzi kuwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Tippu Tip alifariki mwaka 1905. Maneno yake ni mali ya umma. Tafsiri na dibaji, hata hivyo, zina watunzi wake na muda wake, na hazifai kunakiliwa bila uchunguzi. Hata kwa upande wa matini ya Kiswahili, ni adabu ya taaluma kumtaja mhariri wa kwanza na kuwasiliana na taasisi iliyorithi kazi ya Kamati: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya mwaka 1964, ambayo leo ni Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

5.0 Maelezo Yasiyoweza Kuachwa

Unafuu usigeuke kuwa upungufu. Tafsiri ikiondoka, ufafanuzi wa maneno magumu nao huondoka, na pengo hilo sharti lizibwe. Anwani ya utenzi wa Hemedi peke yake inatosha kuthibitisha. *Wadachi* ni Wajerumani. *Kutamalaki* ni kutwaa na kumiliki. *Mrima* ni pwani ya bara inayoelekea Unguja. Maneno matatu, na kila moja laweza kumkwamisha mwanafunzi kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Mwaka 1307 unaoambatana na anwani hiyo ni wa Hijria, nao ulianza mwaka 1889 Miladia.

Maelezo yaonyeshe pia msimamo wa kila mtunzi. Hemedi hauonei fahari ujio wa Wadachi. Abdul Karim huwalaumu waliopigana Maji Maji. Tippu Tip husimulia kama mshindi anayejieleza, na waliotekwa katika safari zake hawapewi nafasi ya kusema. Kuzichapa matini hizi bila kidokezo hicho ni kumkabidhi msomaji shahidi mmoja kana kwamba ndiye hakimu. Zaidi ya hayo, namba za beti na za vifungu zibaki zilezile za matoleo ya awali, ili marejeleo ya wataalamu waliotangulia yaendelee kufuatilika.

6.0 Hitimisho

Kazi inayopendekezwa ni ndogo kwa kiasi na kubwa kwa matokeo: kuanza na matini moja, kuinukuu kwa uangalifu, kuisahihisha mara mbili dhidi ya chapa ya awali, kuiongezea kurasa chache za maelezo, na kuitoa kwa bei ya kijitabu. Tunapendekeza mwanzo uwe tawasifu ya Tippu Tip. Ni nathari, hivyo ni nyepesi kwa mwanafunzi kuliko utenzi. Na sehemu kubwa ya matukio yake ni ya bara, katika nchi zinazopakana na ziwa analoliona kila siku. Walimu wa Kiswahili wa Bujumbura, Kigoma na ng'ambo ya ziwa wanaweza kugawana kazi hiyo, kwa kuwa njia zilizopitisha vita hivyo ziliunganisha pande zote za ziwa hili.