Sampuli ya maziwa ichukuliwe kabla ya dawa

Ng'ombe akiugua ugonjwa wa kiwele, wafugaji wengi hukimbilia duka la dawa. Akishachomwa sindano, maabara huweza kushindwa kuotesha bakteria, na mfugaji huendelea kununua dawa kwa kubahatisha huku maziwa yakimwagwa.

Sampuli itangulie. Mkamuaji anawe mikono, asafishe na kukausha chuchu, kisha afute ncha yake kwa pamba yenye spiriti. Michirizi ya mwanzo aimwage. Chupa iliyochemshwa aiinamishe, uchafu usidondokee ndani. Aandike jina la ng'ombe, chuchu na tarehe.

Sampuli ipozwe kwa barafu na kufikishwa maabara ndani ya saa 24. Maabara ikishajua bakteria na dawa inayowaua, fedha ya matibabu haipotei bure.