Ng'ombe Akitupa Mimba, Nyumba Nzima Iko Hatarini



Mama mmoja wa kijiji cha wilaya ya Bagamoyo alikunywa dawa za malaria mara tatu ndani ya miezi miwili. Homa ilipanda jioni, usiku jasho, viungo vikimuuma. Alipofika kwangu mimba yake ilikuwa imeshaharibika. Nikamuuliza: "Mama, nyumbani mnafuga?" Akasema: "Ndiyo, daktari. Ng'ombe wawili. Mmoja alitupa mimba, nikamtoa kondo kwa mkono." Kipimo kikaonyesha brusela.

Ugonjwa huu humwingia mtu kwa maziwa mabichi, na kwa kushika mikono mitupu ndama aliyetupwa, kondo au majimaji yake. Hutibika, lakini kwa dawa mbili kwa pamoja, wiki 6 au zaidi. Ukiacha ulipopata nafuu, hurudi.

Kinga yake ipo jirani. Chanjo ya brusela ya ng'ombe hutengenezwa hapa hapa Pwani, Kibaha, na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Hupewa ndama jike, na mtaalamu tu, kwani ni vijidudu hai. Mlango wa kuipata ni Afisa Mifugo wa kata yako. Mwulize pia kuhusu kampeni ya chanjo ya ruzuku iliyozinduliwa mwaka 2025. Lakini fahamu kuwa kampeni hiyo inalenga homa ya mapafu ya ng'ombe, sotoka ya mbuzi na kondoo, na mdondo wa kuku. Brusela uitaje mwenyewe.

Fedha za banda bora au mtamba wa maziwa? Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kisheria mikopo hii haina riba. Muislamu anayekimbia riba ana haki ya kuijua. Mwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Tukumbuke na mto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli zetu ziwe mita 60 kutoka chanzo cha maji. Maji ya Ruvu hunywewa hadi Dar es Salaam, basi kinyesi cha zizi lako kisiwe kinywaji cha jirani.

Nyumbani tufanye haya:

1. Maziwa yachemke hata yafure, ndipo yanywewe au yagandishwe mtindi.
2. Ng'ombe akitupa mimba, vaa glovu, zika ndama na kondo kwenye shimo refu mbali na mbwa, kisha mwite Afisa Mifugo.
3. Mjamzito asimzalishe mnyama.
4. Homa isiyoisha, mwambie tabibu kuwa unafuga, hata kama hakukuuliza.

Maziwa ni neema aliyoitaja Allah (s.w.) katika Suratun-Nahl. Kuyachemsha ni sehemu ya kuishukuru.

Wabillahi tawfiq.